Msomaji Yuko Juani

Aliisalimu hata mashine yangu ya kopi. Sisemi utani. Aliingia dukani, akanisalimu mimi, akamsalimu mteja aliyekuwa akisubiri kopi ya kitambulisho, akauliza hali ya mama yangu, ya mke wangu na ya watoto, kisha akarudi kwa mama yangu kwa sababu mara ya kwanza nilijibu kwa haraka, na aliona. Nikadhani tumemaliza. Akaigeukia mashine.

"Na huyu naye hajambo? Nilipopita mara ya mwisho alikuwa akikohoa."

Kiduka changu kiko Mwabungo, kando ya barabara. Nachapa, natoa kopi, najalidi. Karatasi za watu nazihesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya mteja na mara ya pili kwa ajili ya ukweli. Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Niliwahi kuuziwa simu mpya Ukunda, nikafungua boksi nikakuta kipande cha sabuni, na nilichomuuliza muuzaji ni kama anayo ya kunukia. Lakini Mwalimu wa Mawasiliano alinishtua tangu siku hiyo, na hakuacha kunishtua. Hata sasa nikimkumbuka nakaa wima kama mtu aliyeitwa jina lake gizani.

Alikozaliwa na nani alimzaa sikumuuliza, na hakuwa mtu wa kukwambia. Nilimjua kama walivyomjua wote: mwanamke mrefu wa buibui lililopigwa pasi, mwalimu wa chuo kilichoko njia ya Msambweni, aliyefundisha watu kuandika barua za kazi, insha, na ile ripoti ya mwisho ya mafunzo ya hotelini iliyowakaanga wengi. Kalamu yake ilikuwa ya kijani. Nyekundu hakuigusa. "Nyekundu ni ya daktari na polisi," alisema. "Mimi sijamkamata mtu." Karatasi za wanafunzi alizirudisha zimekunjwa, uso chini, moja moja, mkononi mwa mwenyewe. Ukimuuliza fulani amepata nini, alikuuliza fulani amekula nini leo, na mazungumzo yakaishia hapo. Aliamini aibu ya mtu ni nguo yake ya ndani, haianikwi barabarani.

Sasa mtu huyo huyo, ukifungua ile karatasi iliyokunjwa kwa heshima, ndani ulikuta amekuchinja. Sentensi yako ya kwanza imekatwa. Ya pili imekatwa. Ya tatu imezungushiwa duara, na pembeni maneno yale yale aliyoandikia kila mtu mpaka yakawa kama mhuri wa chuo: *Msomaji yuko juani. Mfungulie.* Maana yake, kwake yeye, ni kwamba ukianza kuandika kuna mtu amesimama mlangoni pako saa saba ya mchana, jua la Kwale liko utosini, na wewe umo ndani unatafuta viatu. Sema jambo. Mfungulie mtu aingie.

Siku ile ya mashine, baada ya salamu kwisha, alisema, "Nataka uje chuoni. Tunaandika mwongozo."

"Mwongozo wa nini, Mwalimu?"

"Wa kuandika. Utakaa mtandaoni."

Nilishtuka mara mbili kwa sentensi moja. Simu yake ilikuwa ya vidude vya kubonyeza, imefungwa ndani ya leso kama kibakuli cha halua, na ikilia alimtazama aliye karibu naye kwa lawama. Mtandao na yeye walikuwa majirani wasiosalimiana.

"Mwalimu, mimi nachapa. Siandiki."

"Ndiyo maana nimekuja. Kila ripoti iliyoanguka kwetu ilipita kwanza mikononi mwako. Wewe unazijua zinapojikwaa."

Mteja wa kitambulisho alicheka mpaka nikamchelewesha makusudi. Nikaona angalau nipatane: nitakuja, lakini chuo kinipe viti viwili vya zamani, wateja wangu wamechoka kusimama. Akakubali bila kubishana, jambo ambalo lilipaswa kunitahadharisha. Viti vilipofika nilihesabu miguu. Nikahesabu tena. Ilikuwa saba.

Sababu ya mwongozo aliieleza mara moja tu. Wanafunzi wakienda mafunzoni kwenye mahoteli ya Diani, hawafiki tena maktaba. Wengine wanalala Mkwiro, ng'ambo ya maji, wengine Kibuyuni. Maktaba inafungwa, simu haifungwi. Mkuu wa Chuo alikuwa tayari kununua mwongozo uliokwisha tengenezwa ng'ambo, na Mwalimu aliuona. Ulikuwa mzuri, wa rangi, na mfano wake wa kwanza wa aya ulieleza mtu anavyosukuma theluji mlangoni asubuhi.

"Mwanafunzi wa Kibuyuni ataifanya nini theluji?" aliuliza. "Ataianika na mwani?"

Mkuu akampa nafasi: watengeneze wao, kamati ya chuo itakaa iusome kabla Mwalimu hajastaafu. Ukipendeza, utatumika. Usipopendeza, theluji.

Basi tulikutana maktaba baada ya sala ya alasiri, watu watano. Mwalimu mwenyewe. Mwalimu wa Upishi, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, mama mnene mcheshi aliyeandika ukurasa wa hatua za kazi kama anavyoandika hatua za biriani, na wallahi ulieleweka. Mutua, fundi wa kompyuta wa chuo, kijana wa Machakos aliyevaa kofia ndani ya nyumba. Mimi. Na Mwanasha.

Mwanasha alikuwa mwanafunzi, lakini mtu mzima, mama wa watoto, mfuaji wa mashuka katika hoteli moja ya Diani. Alikuwa amerudi chuoni kwa sababu hoteli ilimwahidi usimamizi wa chumba cha kufulia akileta cheti. Masomo mengine yote alikwisha pita. Ripoti ya mwisho ilikuwa imerudishwa mara moja. Kanuni ya chuo ilimpa nafasi mbili zaidi, kisha kwaheri, na hoteli isingemngoja mwaka mwingine. Kazi yake katika kundi letu ilikuwa simu. Simu yake ilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona na ilifikiri polepole kama mtu aliyekula futari nzito. Mwalimu aliweka sharti: ukurasa usiofunguka katika simu ya Mwanasha si ukurasa.

"Madam, mimi nishaweka hizo page," Mutua alisema siku moja, "but hizi picha zenu ni mob, simu ya huyu mathe itazima kabisa."

"Sema tena," Mwalimu akasema. "Kwa watu."

Mutua akakohoa. "Picha ni nyingi, Mwalimu. Zinaielemea simu."

"Ahsante. Punguza."

Na namna ya kufanya kazi ilikuwa yake pia. Kila mmoja anaandika ukurasa, kisha anausoma kwa sauti. Wengine wanasikiliza, mikono juu ya meza. Pale msikilizaji anapopotea, anapiga meza. Hasemi neno, anapiga tu. Msomaji anasimama, anarudi nyuma, anarekebisha hapo hapo. Mwalimu wa Upishi alipigwa meza alipoanza kueleza historia ya iliki. Mimi nilipigwa nilipoandika kuhusu majalada kabla ya kueleza ripoti ni kitu gani. Mutua aliposoma ukurasa wake wa jinsi ya kuingia mtandaoni, tulipiga mpaka vumbi likatoka katika mbao na mkutubi akachungulia kuuliza kama tuna harusi. Ilikuwa raha. Nilisahau kwamba nilikwenda kwa ajili ya viti.

Kisha siku moja Mwalimu akasema, "Leo nasoma wangu. Ni ule wa mwanzo: namna ya kuanza."

Akasoma mfano wake wa ufunguzi wa ripoti. Ulianza kwa kumshukuru Mola. Sawa, hilo halina neno. Ukamsalimu Mkuu wa Chuo. Ukawasalimu walimu, kwa idara. Ukaisalimu menejimenti ya hoteli, ukaitakia afya. Ukawasalimu wageni wa hoteli, walioko na walioondoka. Ukauliza hali ya wasomaji na familia zao, ukatumaini ni wazima, na kama si wazima ukawaombea. Nikangoja jambo lenyewe. Nikahisi jasho mgongoni. Nilikuwa nimesimama juani, na aliyenisimamisha ni yeye.

Nikatazama mkono wangu juu ya meza. Nikatazama wa Mwalimu wa Upishi. Ulikuwa umelala kama samaki. Wa Mutua uliinuka kidogo, ukashuka. Hakuna aliyepiga. Yeye akaendelea kusoma, akafika mwisho, akavua miwani.

"Mashaallah," akasema Mwalimu wa Upishi.

"Iko sawa, Madam," akasema Mutua.

Mimi nilisema, "Umekamilika," na kwa kweli ulikuwa umekamilika, hapakuwa na kiumbe aliyesahauliwa. Mutua akauweka mtandaoni kwa majaribio.

Tulidhani tumemheshimu mkubwa wetu. Hatukujua tumemtupa mtu shimoni.

Mwanasha aliutii ukurasa ule neno kwa neno. Kwa nini asiutii? Ulikuwa wa Mwalimu. Alileta ripoti kwangu niijalidi, na nilipokuwa nikihesabu karatasi nikaona salamu zile zile, Mola, idara, menejimenti, wageni walioondoka. Nikaacha kuhesabu. Nikasema, "Mwanasha, hii umekwisha ipeleka?"

"Nilipeleka nakala jana. Hii ni ya kuweka."

Ikarudishwa. Mara ya pili. Mtahini, mwalimu mwingine kabisa, aliandika chini: *Nimesoma kurasa mbili na sijui ulifanya kazi gani.* Mwanasha alikuja dukani, akakaa kwenye kile kiti cha miguu mitatu bila hata kuyumba, kama mtu asiye na uzito.

"Nimebakiwa na moja," alisema. "Sijui nimekosea wapi. Nilifuata."

Tulikutana bila Mwalimu, tukinong'ona kama wezi wa nazi. Mtu lazima amwambie, ukurasa ubadilishwe kabla ya kamati, na Mwanasha aandike upya kwa njia iliyo sawa.

"Mimi siwezi," alisema Mwalimu wa Upishi. "Yule ndiye aliyenishika mkono nikajua kuandika. Nimpigie meza?"

"Mimi ni mtu wa bara," alisema Mutua. "Nikiongea mtasema huko kwetu hakuna manners."

"Na mimi ni mwanafunzi," alisema Mwanasha kwa sauti ndogo.

Kisha wote wakanigeukia.

"Wewe hubishana na kila mtu," Mwalimu wa Upishi akasema. "Unabishana hata na mizani."

Nikaenda kwake Msambweni. Nilimkuta barazani, ungo mapajani, akichagua mchele. Salamu zilichukua muda wake wa kawaida, chai ikaletwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitamani ziendelee. Nilimuulizia mpaka paka.

Nikaanza kama ninavyoanza sokoni, kwa bei ya chini. "Mwalimu, ule ukurasa wako. Waonaje ukipunguzwa kidogo?"

"Kidogo kiasi gani?"

"Salamu mbili tatu hivi."

"Kwani ziko ngapi?"

"Nimezihesabu mara mbili, Mwalimu. Mara zote zimekuwa nyingi."

Hakucheka. Vidole vyake viliendelea kutembea ndani ya mchele. Basi nikaona hakuna kupatana tena, nikasema bei ya mwisho.

"Mwalimu, msomaji yuko juani."

Vidole vikasimama. Nikamweleza yote: Mwanasha, ripoti, alichoandika mtahini, na ile moja iliyobaki. Alinisikiliza bila kunitazama. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika pole pole namna ile, kama ukuta unaoingia maji.

"Meza ilikuwepo," akasema hatimaye. "Na mikono mlikuwa nayo."

"Tulikuwa na adabu, Mwalimu."

"Adabu," akasema. Alilitamka kama mtu aliyekuta kijiwe ndani ya wali, akakitoa, akakitazama. "Kunywa chai yako."

Nikanywa. Nikaondoka.

Hakuja maktaba. Alasiri ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kiti chake kilikaa wazi, sisi wanne tukikitazama. Mwalimu wa Upishi alinilaumu kwa macho. Nilijua nimemvunja. Nilimwambia mke wangu kuwa nimemvunjia heshima mwanamke aliyemuulizia mama yangu hali mara mbili kwa ziara moja, na mke wangu, badala ya kunifariji, akasema, "Mara mbili? Basi ni kosa maradufu."

Siku ya kamati tulikaa ukumbini kama washtakiwa. Mkuu wa Chuo mbele, wajumbe pembeni, wanafunzi nyuma. Mwalimu akaingia, akasalimu wote, safu kwa safu. Nikasikia wajumbe wakihema. Akamtikisia Mutua kichwa. Mutua hakututazama. Alikuwa anajua, mwerevu yule, na alikuwa ameapishwa.

Picha ikawaka ukutani. Ulikuwa ukurasa wake, ule ule, salamu zote, lakini umejaa wino wa kijani juu hadi chini, mistari, maduara, mwandiko wake mwenyewe. Juu kabisa, kwa herufi kubwa:

*UKURASA HUU UMEKOSEA. ALIYEUANDIKA NI MIMI, MWALIMU WENU WA MAWASILIANO.*

Ukumbi mzima ulivuta pumzi pamoja. "Astaghfirullah," akasema Mwalimu wa Upishi, akajifunika uso kwa mtandio. Mimi nilishika kiti. Yule aliyekunja karatasi za watu uso chini alikuwa amejifungua mwenyewe, uso juu, ukutani, mbele ya watoto.

Akaanza kusoma kwa sauti. Alipofika kwa Mkuu wa Chuo, akapiga meza kwa kiganja. Idara, akapiga. Wageni walioondoka, akapiga mpaka glasi ya maji ya mjumbe mmoja ikaruka. Mwanzoni hakuna aliyecheka. Kisha mwanafunzi mmoja nyuma akashindwa, na baada yake wote, na yeye akangoja wamalize, akaendelea.

"Mwalimu," Mkuu wa Chuo akaingilia kwa upole, "si lazima mwenye ukurasa atajwe."

"Ni lazima, Bwana Mkuu. Kosa lisilo na mwenyewe halimfundishi mtu." Akageuka kwa wanafunzi. "Yuko mmoja wenu aliyenitii, akarudishiwa kazi yake. Hakukosea yeye. Aliyekosea ndiye huyu amesimama. Na wenzangu walioniona napotea wakanyamaza, wamesimama nami."

Tukasimama. Hatukuambiwa, lakini tulisimama, Mutua akavua kofia.

Kisha akamwonyesha Mutua kidole, na chini ya ukurasa ule mbaya ukafunguka mwingine, mfupi: *Kwa miezi mitatu nilifua mashuka ya hoteli. Ripoti hii inaeleza kwa nini yalikuwa yanatoka na madoa, na tulivyoyaondoa.* Yalikuwa maneno ya Mwanasha. Mwalimu hakuwa amejifungia nyumbani kwa hasira. Alasiri zile zote alikuwa kwenye chumba cha kufulia, Diani, ameketi juu ya kikapu cha mashuka, akimuuliza Mwanasha swali moja tena na tena: ulifanya nini? Na kila Mwanasha alipoanza kwa salamu, Mwalimu alipiga kikapu.

Mjumbe wa glasi ndiye aliyesema, huku akijipangusa, kwamba ule wa theluji haukuwa na ukurasa kama huu. Mwongozo ukapita. Mtahini yule yule akaipitisha ripoti. Mwanasha leo ana funguo za chumba cha kufulia kiunoni, na wafuaji wakianza kumzungusha maneno, nasikia hupiga meza ya pasi.

Mwalimu akastaafu. Nilimwona mara moja moja, sokoni, harusini, salamu zake zile zile. Kisha sikumwona muda mrefu.

Juzi juzi aliingia dukani. Mwanasha alikuwa amemshika mkono. Alisimama mlangoni, buibui limepigwa pasi, na hakunisalimu. Hakuuliza habari ya mama. Hakuigeukia mashine.

"Macho yangu yameondoka," akasema. "Sukari imeyachukua."

Hivyo tu. Jambo kwanza, kama alivyotaka tuandike. Na mimi, niliyekwenda mpaka Msambweni kumwambia apunguze salamu, sasa nilizitaka zote. Nilishindwa kumfungulia mlango huo. Nilitaka abaki juani kidogo, nami nibaki naye.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekwambia macho—"

"Habari za nyumbani?"

"Njema."

"Na majirani? Na paka? Na yule ndugu yako wa Kibuyuni, mguu umepona?"

Nilimuulizia wote niliowajua na wengine niliowabuni. Kila jibu lilikuja polepole kuliko lililotangulia, na taratibu mdomo wake ukalegea, na mwisho akaielekeza shingo kule inakonguruma mashine.

"Na huyu? Bado anakohoa."

"Amezeeka, Mwalimu."

"Sote." Akakaa kwenye kiti, kile kizima, Mwanasha akihakikisha. "Mwanasha ananiambia ukurasa wangu bado uko. Nisomee."

Nikaufungua. Ulikuwepo, na wino wake wa kijani. Nikaanza kusoma. Nikamshukuru Mola. Nikamsalimu Mkuu wa Chuo. Mkono wake ukainuka, kiganja wazi, ukashuka kwa nguvu ukitafuta meza, na meza haikuwa pale. Ukapita hewani.

Mwanasha akageuza uso.

Mkono ukainuka tena. Safari hii niliisukuma meza kwa goti, karatasi zote nilizokuwa nimehesabu zikamwagika sakafuni, na kiganja kikaipata.

"Endelea," akasema.